Pikipiki Kubwa na Pikipiki Ndogo katika Barabara za Mbozi: Ni Nguvu Kiasi Gani Inayotosha?

Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, inajulikana na wanasayansi wa ulimwengu kwa sababu ya kimondo chake kikubwa cha chuma. Walimu wengi huwapeleka wanafunzi wao kukitazama. Lakini lipo somo jingine la fizikia ambalo halihitaji safari, kwa kuwa hupita mbele ya macho ya wanafunzi kila siku. Somo hilo ni pikipiki.

Katika njia za udongo zinazoizunguka Mbozi Misheni, pikipiki ndogo za cc 125 na cc 150 hubeba wagonjwa, walimu, magunia ya kahawa na abiria. Katika barabara kuu ya lami iendayo Tunduma na Zambia, mara kwa mara huonekana pikipiki za aina nyingine: kubwa, nzito, zenye mizigo pande zote mbili, zikiendeshwa na wasafiri wa masafa marefu baina ya kaskazini na kusini mwa Afrika. Vijana huzitazama kwa mshangao na kuzitamani. Swali ambalo mwanafunzi wa sayansi anapaswa kujiuliza ni hili: je, pikipiki yenye nguvu nyingi ni bora pia kwa safari za kila siku?

Mashine tatu

Ili kulinganisha vema, na zichukuliwe pikipiki tatu. Ya kwanza ni BMW R 1250 GS ya Ujerumani, iliyotolewa mwaka 2018. Injini yake ina cc 1,254, nguvu ya kilowati 100, na pikipiki nzima ina tungamo la kilogramu 249. Ya pili ni Honda CRF1100L Africa Twin ya Japani, yenye cc 1,084, kilowati 75 na kilogramu 226. Ya tatu ni Boxer 150 ya kampuni ya Bajaj ya India, ambayo ina cc 145 hivi, kilowati 9 hivi na kilogramu 120 na ushei.

Kwa hesabu hiyo, BMW ina nguvu mara kumi na moja ya Boxer, lakini tungamo lake ni kama mara mbili tu. Ndiyo sababu huongeza mwendo upesi mno.

Hewa ya Mbozi

Takwimu za viwandani hupimwa kwa hewa inayokaribiana na ile ya usawa wa bahari. Mbozi iko juu zaidi. Katika mwinuko wa meta 1,600, uzito wa hewa kwa kila meta ya ujazo ni kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani. Injini huvuta hewa kwa ujazo wa silinda zake, kwa hiyo kila mvuto huleta oksijeni pungufu, na petroli inayoweza kuungua hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Basi kilowati 9 za pikipiki ndogo hubaki kama 7.6, na kilowati 100 za ile kubwa hubaki kama 85.

Hapa kuna tofauti nyingine. Kabureta ya kawaida haitambui kwamba hewa imepungua, nayo huendelea kutoa petroli karibu kama ilivyotoa pwani. Mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi, plagi huingia masizi na moshi huwa mweusi. Fundi hurekebisha hali hiyo kwa kuweka jeti yenye tundu dogo zaidi. Pikipiki zenye mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme hupima kanieneo ya hewa na kujirekebisha zenyewe.

Nguvu inayohitajika barabarani

Pikipiki inayokwenda kwa mwendo ule ule mahali tambarare hushindana na mambo mawili: msuguano wa magurudumu na ukinzani wa hewa. Na ichukuliwe pikipiki ndogo ambayo pamoja na dereva ina kilogramu 200. Msuguano wa magurudumu ni kama Niutoni 40. Ukinzani wa hewa ni kama Niutoni 58 katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Jumla ni Niutoni 98. Nguvu ni kani mara mwendokasi, na kilometa 50 kwa saa ni meta 13.9 kwa sekunde. Kwa hiyo nguvu inayohitajika ni kilowati 1.4 tu.

Mwendo ukiongezwa mara mbili, yaani kilometa 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne na kufikia Niutoni 232. Nguvu inayohitajika sasa ni kama kilowati 7.5. Mwanafunzi ataona kwamba kwa kuongeza mwendo mara mbili, nguvu imeongezeka zaidi ya mara tano. Ataona pia kwa nini pikipiki ndogo huchoka inapokaribia mwendo huo katika nyanda za juu.

BMW yenye dereva mmoja, ikienda kilometa 60 kwa saa, huhitaji kilowati 2.5 hivi. Hiyo ni asilimia 3 tu ya nguvu iliyo nayo Mbozi. Sehemu nyingine yote imelala, lakini pistoni kubwa na giaboksi nzito lazima zizungushwe. Matokeo yake ni kwamba pikipiki hiyo hutumia lita 5 hivi kwa kilometa 100, ambapo ndogo hutosheka na lita 2 hivi.

Na mlima je? Pikipiki ndogo yenye dereva, abiria na gunia huweza kufikisha jumla ya kilogramu 330. Katika mlima unaopanda meta 1 kwa kila meta 10, mwendo wa kilometa 50 kwa saa hudai kilowati 6.2, karibu nguvu yake yote. Lakini kwa kilometa 20 kwa saa, kilowati 2.2 zinatosha. Ndiyo maana dereva mwenye busara hushusha gia mapema: hubadilishana mwendo kwa kani.

Kulipita lori

Ni haki kueleza pia faida ya nguvu nyingi. Lori lenye tela, urefu wa meta 18, linakwenda kilometa 60 kwa saa. Pikipiki inaanza kulipita ikiwa meta 20 nyuma yake, na inarudi upande wake ikiwa meta 20 mbele. Lazima ishinde jumla ya meta 58. Ikiwa mwendo wake ni kilometa 80 kwa saa, itachukua sekunde 10.4 na kusafiri meta 231. Wakati huo huo lori jingine linalokuja mbele kwa kilometa 60 kwa saa litasogea meta 174. Dereva huyo anahitaji kuiona barabara tupu kwa meta 405.

Pikipiki iendayo kilometa 100 kwa saa hutumia sekunde 5.2, na barabara tupu inayotakiwa ni meta 232. Faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haimsaidii dereva kuona ng'ambo ya kona wala ya kilima. Mwenye pikipiki ndogo ambaye haoni meta 400 hana budi kubaki nyuma ya lori, hata kama abiria wake ana haraka.

Kusimama

Wengi hudhani kwamba pikipiki nzito lazima isimame mbali zaidi. Kwa breki nzuri na tairi za namna moja, si lazima iwe hivyo. Kani ya msuguano huongezeka pamoja na uzito, na tungamo linalosimamishwa huongezeka vile vile. Mambo hayo mawili hufutana. Kinachoamua ni mwendo na hali ya barabara.

Dereva hutumia kama sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki. Kwa kilometa 50 kwa saa juu ya lami kavu, jumla ya umbali wa kusimama ni meta 30. Juu ya udongo uliolegea ni kama meta 46. Kwa kilometa 100 kwa saa juu ya lami kavu ni meta 92. Aidha, BMW na dereva wake katika mwendo huo hubeba nishati ya kilojuli 127, ambapo ndogo katika kilometa 50 kwa saa hubeba 19 tu. Nishati hiyo yote lazima igeuke joto katika breki; isipogeuka humo, itaishia katika chuma na mifupa. Kwa sababu hiyo pikipiki kubwa zina breki za diski, na tangu BMW K 100 ya mwaka 1988 umekuwapo mfumo wa umeme unaozuia gurudumu lisikazwe na kuteleza.

Hitimisho

Msafiri wa masafa marefu anapata faida katika pikipiki kubwa: tangi lenye kumfikisha mbali, kiti kisichochosha na nguvu ya akiba. Lakini kwa mwalimu au muuguzi wa Mbozi Misheni, anayepita kwenye matope ya masika na ambaye lazima aweze kuiinua pikipiki yake mwenyewe ikianguka, kilogramu 120 ni bora kuliko 249. Vipuri vyake hupatikana katika miji midogo, na mafundi wanaijua. Nguvu inayotosha ni ile inayolingana na kazi. Kofia ngumu, breki zilizokaguliwa na tairi zenye meno ni muhimu kuliko kilowati tisini za ziada.

Jaribio na maswali

1. Katika uwanja wa shule, mbali na barabara, endesha baiskeli kwa mwendo mdogo hadi kwenye mstari, kisha funga breki. Pima umbali wa kusimama juu ya udongo mkavu na juu ya udongo uliomwagiwa maji. Rudia mara tano na utafute wastani.

2. Tafuta nishati ya mwendo ya pikipiki yenye jumla ya kilogramu 200 katika kilometa 40 na kilometa 80 kwa saa. Kwa nini jibu la pili ni mara nne ya la kwanza?

3. Dereva aliyechoka huchelewa sekunde 2 kabla ya kufunga breki. Kwa kilometa 50 kwa saa juu ya lami kavu, atasimama baada ya meta ngapi?