Hofu na Siku za Mwezi

Mhariri ameniruhusu niandike habari ambayo katika mabweni husemwa kwa kunong'ona tu. Wavulana nao na wasome, maana wana dada, na kesho watakuwa na wake na mabinti.

Kila mwaka mtihani wa taifa ukikaribia, katika bweni letu hupatikana wasichana ambao siku zao zimechelewa. Mara maneno huanza: "Fulani ana mimba." Nimemwona mwenzangu mmoja akiacha hata kuja mezani kwa sababu ya maneno hayo. Kumbe hakuwa na mimba, alikuwa na hofu ya hesabu. Maneno yakamwongezea hofu, na siku zikazidi kuchelewa.

Wengi hudhani hedhi huanzia tumboni. Sivyo, amri yake hutoka kichwani. Chini ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo hutoa homoni kwa vipindi, kama mpiga ngoma apigaye kwa kipimo, na kuipeleka kwenye tezi iliyo chini yake. Tezi nayo huviamuru vifuko vya mayai kukomaza yai. Yai likitoka, na mimba isipoingia, damu huja baada ya siku kama 14.

Basi mtu akikaa na hofu kwa muda mrefu, mwili hutoa kwa wingi homoni nyingine iitwayo kotisoli, na ngoma ile hupungua mapigo. Yai huchelewa, au halitoki kabisa. Tazameni, aghalabu kilichochelewa si damu, ni yai. Ndiyo sababu hofu ya leo huweza kuonekana wiki kadhaa baadaye, jambo lenyewe likiwa limekwisha kusahauliwa. Kukosa chakula na usingizi hufanya vivyo hivyo, na mwanafunzi wa mtihani hukosa vyote viwili.

Jambo hili lilionekana sana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wajapani waliwafunga raia wa mataifa adui katika kambi ya Stanley, Hong Kong, tangu Januari 1942 hadi Agosti 1945. Daktari Annie Sydenham, aliyefungwa humo pia, aliandika mwaka 1946 kwamba wanawake wengi walikosa hedhi. Njaa ilikuwako, lakini wengine hedhi yao ilikoma mapema mno, njaa haijapata nafasi ya kuwadhoofisha. Niliposoma hayo nilikumbuka kambi ya Nyarushishi, hapa kwetu Cyangugu, ambako maelfu ya Watutsi walikaa wakingoja kuuawa mwaka 1994. Wapo akina mama waliokuwa humo. Sijathubutu kuwauliza.

Sasa dada zangu, msihesabu kwa kalenda ya rafiki. Miaka michache baada ya kuvunja ungo, siku 21 hata 45 kati ya hedhi na hedhi si ajabu. Lakini aliyezoea kuona kila mwezi, kisha miezi 3 ikapita bila kitu, aende kwa mwuguzi, wala asijiambie kuwa ni mtihani tu. Tezi ya shingoni ikiugua huleta hali hiyo hiyo, na ina dawa. Na anayeshukiwa mimba, kipimo cha mkojo hutoa jibu kwa dakika chache. Mwuguzi hulitoa jibu hilo kwa mwenyewe, si kwa bweni.