Kazi za shule zimekuwa vita nyumbani

Swali: Binti yangu ana miaka 10. Kila jioni tunagombana kwa ajili ya kazi za shule. Nimefoka, nimemnyima televisheni, wapi! Nifanyeje?

Jibu: Mama, ugomvi wa jioni usiutatue jioni. Subiri Jumamosi mkichambua mchele, umuulize: "Naona kazi za shule zinakupa taabu. Shida iko wapi?" Nyamaza, usikilize. Huenda hesabu za sehemu zimempiga chenga. Nawe mweleze wasiwasi wako, kisha tafuteni njia inayowafaa nyote wawili. Hatua hizi tatu hufundishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Ross Greene. Kumsikiliza si kumdekeza: kazi lazima ifanywe, lini na vipi, mkubaliane. Baada ya wiki mbili kaeni tena, mpime mlipofikia.