Mtoto Si Dhamana ya Deni

Somo la wiki: 2 Wafalme 4:1–7

Habari ya mjane na chupa ya mafuta tumeihubiri mara nyingi kama somo la muujiza. Wiki hii nataka tuisome tukiwa upande wa wale wavulana wake wawili. Kabla mafuta hayajaanza kumiminika, kuna mtu yuko njiani kuja kuwachukua wakawe watumwa wake.

1. Deni halikuwa la watoto

Baba yao alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu. Alikufa akaacha deni. Mdai hakuja kuchukua ng'ombe wala shamba, alikuja kuchukua watoto. Na tusidhani alikuwa jambazi. Desturi ya wakati ule ilimruhusu, na majirani pengine waliona ni kawaida. Soma pia Nehemia 5:1–5 uone wazazi wakilia kwamba watoto wao wamekuwa watumwa kwa sababu ya njaa na ushuru.

Mambo hayajabadilika sana. Mara nyingi ajira ya watoto haianzi na mzazi mkatili. Inaanza na mvua kukosekana, baba kupoteza kazi, mama kuugua, deni la duka kupanda. Mkubwa anakosa pesa, mdogo analipa kwa miaka yake ya shule. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya mwaka wa 2024 yanasema karibu watoto milioni 138 wako kwenye ajira, na milioni 87 kati yao wako Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wako mashambani. Lakini wengine wako karibu zaidi, jikoni mwetu.

2. Tupige hesabu ya nyumbani

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nivumilieni kidogo na hesabu. Tangu Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Tuseme mtu ameletewa msichana wa miaka 14 kutoka mashambani, anamlipa 5,000. Anasema amepata wa bei nafuu. Kila mwezi amebakisha 11,000. Kwa mwaka ni 132,000. Sasa hiyo pesa imetoka wapi? Haikuanguka kutoka mbinguni. Imetoka kwa huyo mtoto, na bado hatujahesabu shule aliyoacha. Mdai wa leo hagongi mlango kwa fujo. Anatuma nauli kwa M-Pesa na kwenda kumpokea steji.

Yakobo 5:4 inatuonya kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inamfikia Bwana. Sisi tunaomba kwa sauti kubwa. Je, kuna sauti nyingine inayopanda kutoka nyumba hiyo hiyo?

Geuza ukurasa mmoja tu, 2 Wafalme 5, utakutana na msichana mdogo anayemtumikia mke wa Naamani. Neno lake ndilo lililomfikisha bwana wake kwenye uponyaji. Naamani akabeba fedha, dhahabu na mavazi kumpelekea nabii. Lakini jina la yule msichana hatulijui, na hatusomi popote kwamba alirudishwa kwao. Nyumba nzima ilibarikiwa kupitia kwake, na habari yake ikaishia hapo.

3. "Hata mimi nilichunga mbuzi"

Najua kuna mtu anasema, "Pasta, sisi tulifanya kazi tukiwa wadogo na hatukufa." Ni kweli, na kazi ndogo za nyumbani ni malezi. Hata wale wavulana wa mjane walifanya kazi: ndio waliomletea mama yao vyombo akimimina. Lakini angalia. Walifanya kazi kwao, pamoja na mama yao, na faida ikawa uhuru wao. Kuosha vyombo baada ya shule ni tofauti na kuosha vyombo badala ya shule.

Sheria yetu pia imesema. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kulindwa dhidi ya kazi ya unyonyaji. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kuamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku si kazi nyepesi, hata kama anakula vizuri.

4. Elisha alifanya nini?

Hakumkemea mama. Alimuuliza ana nini nyumbani. Halafu akawaingiza majirani: mama akaazime vyombo, tena vingi. Mafuta yakauzwa, deni likalipwa, familia ikaishi kwa kilichobaki. Watoto waliokolewa kwa sababu nyumba yao iliinuliwa.

Basi tufanye hivi:

Kama una mtoto anayekufanyia kazi, usimfukuze kesho na nauli mkononi. Ataishia nyumba nyingine, pengine mbaya zaidi. Ongea na wazazi wake, shirikisha afisa wa watoto, mlipe anachodai chote, na umsaidie kurudi darasani. Kisha ajiri mtu mzima na umlipe haki yake.

Kama huna uwezo wa kumlipa mtu mzima, njoo tuongee. Akina mama wa eneo moja wanaweza kupanga pamoja malezi ya watoto wao.

Kama unajua mtoto anayeteswa, piga 116. Ni bure, mchana na usiku.

Na vikundi vyetu vya nyumbani viulize: ni jirani gani yuko karibu kumtoa mtoto shule kwa sababu ya deni? Sare na chakula cha mchana ndivyo "vyombo" tunavyoweza kuazimana.

Maswali ya kikundi

1. Mdai alikuwa na haki kisheria. Je, alikuwa na haki mbele za Mungu?
2. Ni gharama gani ya nyumba yako inalipwa na mtu mwingine bila wewe kuiona?
3. Kikundi chetu kinaweza kubeba mtoto yupi muhula huu?

Ombi

Bwana, tupe macho ya kuwaona walio jikoni na moyo wa kulipa tunachodaiwa. Watoto walioondolewa kwao, uwarudishe. Katika jina la Yesu, Amina.