Bango Lako Lina Mita Ngapi?

Mwenye duka nchini Kenya akiletewa bili ya bango, jambo la kwanza kulalamikia ni bei. Hapo ana nafasi ndogo, kwa sababu bei hiyo imeshapitishwa na bunge la kaunti katika Sheria ya Fedha. Cha kuulizia ni hesabu iliyotangulia bei: hizo mita za mraba zimepatikanaje?

Usipoteze muda kudai kwamba kibao kilicho kwenye ukuta wako hakimhusu mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje. Lakini Kifungu cha 210 cha Katiba hiyo hiyo kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Afisa hana ruhusa ya kujitungia mita.

Chukua bango ambalo fundi amelitengeneza kwa karatasi nzima ya futi 8 kwa 4. Hiyo ni mita 2.44 kwa 1.22, yaani mita za mraba 2.98. Tuseme kaunti yako ina bei moja kwa mita 3 za kwanza, kisha inatoza kila mita inayozidi. Umeponea chupuchupu. Sasa fundi akizungushia fremu ya chuma ya sentimita 5 kila upande, na afisa akavuta tepu hadi ukingo wa chuma, vipimo vinakuwa 2.54 kwa 1.32. Mita 3.35! Ikiwa kipande cha mita kinahesabiwa mita nzima, utalipia 4. Na bango likisomeka pande zote mbili, uliza kama upande wa nyuma nao unahesabiwa.

Maandishi ya ukutani ndiyo yenye utata zaidi, maana hayana ukingo. Jina la duka lina urefu wa mita 4 na herufi za sentimita 30: mita za mraba 1.2. Mita moja chini yake umeandika nambari ya simu, mita 1 kwa sentimita 20, yaani 0.2. Ukipima kila andiko peke yake, jumla ni 1.4. Afisa akichora mstatili mmoja unaofunika yote, pamoja na ukuta mtupu ulio katikati, anapata mita 4 kwa 1.5, ambazo ni 6. Rangi ni ile ile, mita ni zaidi ya mara nne.

Miji mingi ya Marekani imelimaliza suala hili ndani ya kanuni zake za matumizi ya ardhi: umbo gani litumike kuzungushia herufi, nguzo zihesabiwe au la, na mabango mawili yaliyopeana mgongo yawe upande mmoja au miwili. Kwa maoni yangu, sheria inayotoza kwa mita bila kusema mita hupimwaje imefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo soma Sheria ya Fedha ya kaunti yako, na sheria ya matangazo ya nje kama ipo. Nairobi iliitunga yake mwaka 2018. Nakala ikikosekana, iombe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 kujibu. Pima bango mwenyewe na upige picha tepu ikiwa juu yake.

Kipimo chako kikitofautiana na cha bili, usibishane na kanjo mlangoni. Andika barua uombe sababu za uamuzi, ukitaja Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua ya Haki ya Kiutawala ya 2015. Una haki ya kujibiwa kwa maandishi, na ofisi inapokaa kimya, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kabla ya kwenda mahakamani, hata hivyo, maliza kwanza ngazi za rufaa zilizo ndani ya kaunti. Barua pekee haisimamishi tarehe ya mwisho ya malipo, basi omba humo humo uongezewe muda, na baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.