Kurejesha Matawi ya Taarifa: Uzito wa Mtoto Unaposafiri Bila Kadi Yake

Kata ya Ndungu iko katika uwanda wa wilaya ya Same, chini ya Milima ya Pare. Mtoto anayepimwa uzito kliniki ana kadi, na katika kadi hiyo kila uzito una mahali pake: chini ya jina la mtoto, mbele ya tarehe ya hudhurio. Taarifa zikihamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mara nyingi hunyooshwa zikawa mistari ya ufunguo na thamani. Mfano ni huu wa watoto pacha, uzito ukiwa kwa kilo:

mtoto.1.hudhurio.2.uzito = 5.6
mtoto.1.hudhurio.10.uzito = 8.9
mtoto.2.hudhurio.2.uzito = 5.1

Hakuna kilichopotea, kwa kuwa ufunguo wenyewe ni njia. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za vituo vya afya Tanzania, nao huandikia kila kituo njia yake, kuanzia ngazi ya juu hadi kituo chenyewe.

Ili kurejesha muundo, programu hukata ufunguo penye kila nukta, kisha hushuka kutoka shinani. Tawi likikosekana, hulifungua, likiwapo, huliingia. Programu inayofungua tawi jipya kila mara hufuta la zamani, na pacha wa kwanza hupotea kabisa.

Hatari kubwa zaidi imo katika mpangilio. Kompyuta ikipanga funguo kama maneno, 10 hutangulia 2, kwani herufi ya kwanza ndiyo inayolinganishwa. Mahudhurio husomeka 1, 10, 11, 12, 2, hadi 9. Mchoro wa ukuaji hupanda ghafla kisha huporomoka, na mtoto mwenye afya huonekana amekonda. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtoto aliyeanza kudhoofu katika hudhurio la 11 huonekana salama, maana anayetazama mwisho wa orodha hukuta la 9. Sehemu hiyo ya ufunguo sharti igeuzwe kuwa namba kabla ya kupangwa. Aidha, ufunguo usiokuwapo usijazwe 0. Mtoto hakupimwa, basi.

Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amepungua ghafla aweza kuomba skrini isomwe kando ya kadi, tarehe kwa tarehe, na mtoto apimwe upya papo hapo.