Somo la Biashara: Kupanua Jengo au Kununua Kiwanja?

Mfanyabiashara anayeona wateja wakisongamana mlangoni hufikiria kwanza kuongeza nafasi. Mara nyingi fikra hiyo ni sahihi. Kosa hutokea katika hatua inayofuata, pale anapoamua aongeze kwa njia gani na alipe lini. Somo la wiki hii linachukua mfano kutoka mchezo wa kompyuta uitwao Two Point Museum, ambamo mchezaji ni meneja wa jumba la makumbusho. Baada ya hapo mfano huo unapimwa kwa majumba ya kweli ya London na New York.

MCHEZO WENYEWE

Two Point Museum ulitengenezwa na kampuni ya Two Point Studios ya Uingereza, iliyonunuliwa na Sega ya Japani mwaka 2019. Ulianza kuuzwa Machi 4, 2025, ukifuata michezo miwili ya aina hiyo hiyo: Two Point Hospital wa mwaka 2018 na Two Point Campus wa mwaka 2022.

Meneja hutuma wataalamu wake safari za mbali kutafuta vitu vya kuonyesha, kama vile mifupa ya wanyama wa kale. Vitu hivyo huwekwa ukumbini na kupambwa ili viwavutie watu. Mapato yanatokana na viingilio, michango ya watazamaji, na mauzo ya duka la zawadi. Matumizi ni mishahara ya wataalamu, wahudumu, wafanya usafi na walinzi, pamoja na gharama za safari. Ukumbi ukijaa, njia ni mbili: kupanua jengo ndani ya kiwanja kilichopo, au kununua kiwanja kingine na kujenga humo.

HESABU YA MFANO

Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Jumba linaingiza 40,000 kwa mwezi na kutumia 31,000. Ziada ni 9,000. Sandukuni kuna 60,000, na stoo kuna vitu 4 vinavyosubiri nafasi. Kila kitu kikiwekwa ukumbini kitaleta 1,500 kwa mwezi.

Njia ya kwanza: kupanua jengo kwa 18,000, nafasi ya vitu 4. Mapato yanaongezeka kwa 6,000. Mfanya usafi na mlinzi wa ziada wanakula 2,500. Faida mpya ni 3,500 kwa mwezi, na mtaji unarudi katika miezi 5 na siku chache. Sandukuni inabaki 42,000, yaani zaidi ya matumizi ya mwezi mzima.

Njia ya pili: kununua kiwanja kwa 35,000 na kujenga kwa 20,000, jumla 55,000, nafasi ya vitu 10. Lakini vitu vilivyopo ni 4 tu. Mapato yanaongezeka kwa 6,000 yale yale, huku wafanyakazi wa jengo jipya wakila 4,000. Faida mpya ni 2,000, na mtaji utarudi baada ya miezi 27 na nusu. Sandukuni imebaki 5,000, ambayo ni matumizi ya siku 5 hivi. Safari moja ikienda kombo, mishahara haina pa kutoka.

Sasa badilisha jambo moja tu: stoo iwe na vitu 10. Jengo jipya linaingiza 15,000, linatumia 4,000, na faida ni 11,000. Mtaji wa 55,000 unarudi katika miezi 5. Kiwanja ni kile kile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni bidhaa ya kujaza nafasi. Gharama za safari zimeachwa nje ya hesabu hii, na zikiingizwa, anayenunua kiwanja kabla ya kuwa na bidhaa ataumia zaidi, kwa kuwa atalazimika kulipia safari 6 za haraka akiwa na sanduku tupu.

LONDON: KUTAZAMA NDANI KWANZA

British Museum ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753 na kufungua milango mwaka 1759. Nafasi imekuwa tatizo lake kwa karne mbili na zaidi, na imetumia njia zote.

Njia ya kwanza ilikuwa kupunguza mzigo. Mikusanyo ya wanyama, mimea na mawe ilihamishiwa South Kensington, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1881. Njia ya pili ilikuwa kununua ardhi. Mwaka 1895 wadhamini walinunua nyumba 69 zilizolizunguka jumba, wakikusudia kuzibomoa na kujenga pande tatu. Upande wa kaskazini ulijengwa na kufunguliwa mwaka 1914. Sehemu nyingine za mpango ule hazikujengwa kamwe.

Njia ya tatu ilikuja karne moja baadaye. Katikati ya jumba palikuwa na uwanja wa takribani ekari 2, uliobanwa na maghala ya vitabu. Maktaba ya taifa ilipohamia St Pancras mwishoni mwa miaka ya 1990, uwanja huo uliezekwa kwa vioo na kufunguliwa mwaka 2000. Kazi iligharimu pauni milioni 100 hivi, lakini hakikununuliwa kiwanja hata kimoja. Nafasi ilikuwa ndani ya ukuta wakati wote, imeshikwa na shughuli nyingine.

NEW YORK: DENI LA WATEJA WASIOKUJA

American Folk Art Museum ilifungua jengo lake jipya katika mtaa wa West 53rd mwaka 2001, karibu kabisa na jumba kubwa la Museum of Modern Art. Jengo lilisifiwa na wasanifu. Fedha zilipatikana kwa kuuza hati za dhamana za takribani dola milioni 32 za Kimarekani, kwa matumaini kwamba watazamaji na wafadhili wangetosha kulipa deni.

Watazamaji hawakufikia idadi iliyotarajiwa, na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ukapunguza thamani ya vitegauchumi. Jumba likashindwa kulipa deni. Mwaka 2011 jengo liliuzwa kwa jirani yule mkubwa kwa dola milioni 31.2, na makumbusho ikarudi katika ukumbi wake mdogo wa Lincoln Square. Mnunuzi alilibomoa jengo mwaka 2014 na kuitumia ardhi katika upanuzi wake uliofunguliwa Oktoba 2019.

Hapa ardhi ile ile ilimshinda mmoja na kumfaa mwingine. Wa kwanza aliitegemea ilete wateja. Wa pili alikuwa na wateja na stoo iliyojaa, akakosa ukumbi tu.

PALE MCHEZO UNAPODANGANYA

Katika mchezo, kiwanja humsubiri mchezaji. Hakuna mpinzani atakayekinunua usiku. Hivyo anayeanza kwa kupanua jengo hapotezi chochote kwa kungoja. Sokoni mambo si hivyo. Kiwanja cha jirani kikishauzwa na kujengwa, huenda kisipatikane tena katika maisha ya mwenye biashara. Ndiyo maana ununuzi wa nyumba 69 za London haukuwa upumbavu, hata kama mpango haukukamilika.

Lakini kununua kiwanja na kujenga ni maamuzi mawili tofauti, na mara nyingi huchanganywa. Kiwanja kinaweza kununuliwa kwa akiba na kikaachwa wazi, au kikapangishwa, bila kuongeza mishahara. Jengo likisimama tu, taa zinawaka na mlinzi anadai chake, wateja wawepo wasiwepo.

KANUNI ZA KUSHIKA

1. Hesabu kwanza bidhaa iliyo stoo, kisha mita za mraba.
2. Tafuta nafasi ndani ya ukuta: chumba cha mizigo mibovu, ua usiotumika, ofisi isiyo na mtu.
3. Usitoe fedha taslimu mpaka ikabaki chini ya matumizi ya mwezi mmoja.
4. Kiwanja cha jirani kikitangazwa kuuzwa, nunua ukiweza kwa akiba. Ujenzi usubiri bidhaa.
5. Deni la ujenzi lipimwe kwa mapato ya mwaka uliopita. Mapato ya wateja wanaotarajiwa yasiingizwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mwenye nyumba ya wageni ana vyumba 12, na kwa kawaida vyumba 8 hulaliwa. Jirani anauza kiwanja. Je, tatizo lake ni nafasi? Anunue, ajenge, au anunue bila kujenga? Na kama vyumba 12 vyote hulaliwa kila siku na wageni 5 hurudishwa mlangoni, jibu linabadilika wapi?