Makala ya Mhadhiri na Sheria ya Nchi: Mlaji Asome Vipi?

Wahadhiri wa sheria zamani waliandikiana wao kwa wao, katika majarida kama Eastern Africa Law Review la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku hizi wengi wao huandika pia kwa ajili ya umma, na baadhi huandika kwa Kiswahili. Mlaji amefaidika sana: mambo yaliyofungiwa katika vitabu vya bei kubwa sasa anayasoma bila kulipa. Hata hivyo, mlaji anayekwenda dukani na makala mkononi akidhani kwamba ameshika sheria anaweza kurudi mikono mitupu. Kibaya zaidi, anaweza kuwa amepoteza muda ambao sheria yenyewe ilimpa.

Katika Tanzania Bara, hakimu hufungwa na Katiba, sheria zilizotungwa na Bunge, kanuni zilizotungwa chini ya sheria hizo, na maamuzi ya mahakama za juu, yakiongozwa na yale ya Mahakama ya Rufani. Maandishi ya mwanazuoni, hata awe mashuhuri namna gani, yanaweza kumshawishi hakimu, lakini hayawezi kumlazimisha. Nchini Uingereza, ambako sehemu kubwa ya mfumo wetu ilichotwa, kulikuwa hata na desturi kwamba mwandishi aliye hai hanukuliwi mahakamani kama mamlaka. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba aliye hai bado anaweza kubadili mawazo. Desturi hiyo imelegea. Sababu yake ingali na maana.

Mfano mzuri ni wa Profesa Issa Shivji. Mwaka 1991 aliteuliwa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka nchini, ikasikiliza wananchi, na ikapendekeza pamoja na mambo mengine kwamba umiliki wa msingi wa ardhi uondolewe mikononi mwa mamlaka ya utendaji, na ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mapendekezo hayo yamefundishwa na kujadiliwa kwa miaka mingi. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilipotungwa, kifungu chake cha 4 kilitamka kwamba ardhi yote itaendelea kuwa ya umma, ikiwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Anayesoma mapendekezo ya Tume anasoma hoja nzito na historia ya nchi yake. Anayenunua au kukodi kiwanja inambidi asome sheria ya 1999.

Basi jambo la kwanza la kuchunguza katika makala yoyote ni vitenzi vyake. Mwandishi akisema "sheria inaeleza" au "mahakama iliamua", anaripoti, nawe unaweza kumhakiki. Akisema "inapaswa", "ingefaa" au "tafsiri iliyo bora ni hii", ameacha kuripoti na ameanza kutetea. Wanazuoni waaminifu huonyesha mpaka huo wazi, ila msomaji mwenye hasira juu ya jokofu bovu huuruka bila kuuona.

Tuchukue maneno yanayochapwa kwenye stakabadhi nyingi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mhadhiri wa sheria ya mikataba akiyaeleza, huenda akaanza na kesi ya Kiingereza ya Olley ya mwaka 1949. Mgeni alifika hotelini, akakamilisha taratibu za mapokezi, kisha akapanda chumbani na kukuta tangazo kwamba hoteli haiwajibiki kwa mali iliyoibwa. Mali yake ikaibwa. Mahakama iliamua kwamba tangazo halikumfunga, kwa kuwa mkataba ulikwisha kufungwa mapokezini kabla hajaliona. Somo lake kwa mlaji ni kubwa: ulipewa stakabadhi hiyo kabla ya kulipa au baada? Je, maneno hayo yalibandikwa pia ukutani, mahali ulipoweza kuyaona mapema? Lakini uamuzi huo ni wa mahakama ya nje. Hapa kwetu ni hoja ya kushawishi, na mhadhiri makini atakuambia hivyo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti yasiyotamkwa, kwa mfano kwamba bidhaa iwe inafaa kwa matumizi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji huku akitegemea ujuzi wake. Sheria hiyo, iliyofuata mfano wa Uingereza wa 1893, inawaruhusu wahusika kukubaliana vinginevyo. Makala inayoishia hapo itakukatisha tamaa bure, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 iliongeza ulinzi mahususi kwa mlaji, ukiwamo ule unaohusu mwenendo wa kupotosha na masharti yasiyotamkwa katika mikataba ya walaji. Makala iliyoandikwa mwaka 1998 haina kosa kwa kutoitaja sheria ya 2003. Kosa ni la msomaji asiyetazama tarehe.

Mipaka ya nchi nayo hupotosha. Kenya, kwa Ibara ya 46 ya Katiba yake ya 2010, imempa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Wanazuoni wa Nairobi huiandikia sana, na kwa haki. Katiba ya Tanzania ya 1977 haina ibara ya namna hiyo. Mlaji wa Arusha anayemwandikia muuzaji akidai "haki yake ya kikatiba" kwa hoja za Nairobi anampa muuzaji nafasi ya kucheka, ilhali madai yake yangeweza kusimama imara kwa sheria ya kwao.

Tazama pia kama mwandishi ameeleza maslahi yake. Mhadhiri anaweza kuwa wakili au mshauri wa kampuni anazoziandikia. Hilo si dhambi; kulificha ndiko kubaya.

Ukishasoma, fuata vifungu vilivyotajwa hadi kwenye sheria yenyewe. Hukumu nyingi za mahakama zetu zinapatikana bure kupitia TanzLII, na watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kukusaidia kuzielewa. Ila usingoje kuimaliza elimu hiyo ndipo udai. Shauri la mkataba lina ukomo wa miaka 6 mahakamani, lakini haki ya kuikataa bidhaa huisha mapema zaidi: ukikaa nayo kupita muda unaofaa bila kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa, sheria hukuhesabu kuwa umeipokea. Mwandikie leo, eleza kasoro, taja tarehe uliyonunua, na ubaki na nakala ya barua pamoja na stakabadhi. Makala ya profesa waweza kuimalizia jioni.